Huyu wa Tano Anafanya Nini?

4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Huku tunakwenda. Mama anakula vizuri na anagombana na redio kama kawaida yake. Wifi yako amehamishiwa kazi wodi ya wazazi na analalamika kwamba watoto wa siku hizi wanazaliwa saa ya chakula cha mchana tu. Binti yetu mkubwa amepoteza meno mawili ya mbele na amekataa kupigwa picha mpaka yarudi. Mdogo wake bado anaogopa kinyozi.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike kabla ya zamu yangu ya kuandika. Shule moja ya huko kwenu, ile uliyosema iko ng'ambo ya mto, imetuzawadia mashua ya makasia. Ni ndefu kuliko darasa langu na nyembamba kama kabati la vitabu. Ina viti vinne vinavyoteleza juu ya reli, na cha tano kidogo, nyuma kabisa. Pamoja na mashua umekuja mwaliko: mwezi wa Agosti tupeleke timu ya wasichana kwenye mashindano ya shule, kwenye mto huo huo unaopita mbele ya banda lako. Nafasi tisa za ndege, malazi na chakula, vyote juu ya wenyeji.

Mkuu wa shule aliitisha kikao, akauliza nani kati yetu anajua kupiga makasia. Wote tukaangalia meza.

"Mwalimu wa jiografia," akasema, "dada yako si kocha wa makasia huko ng'ambo?"

"Dada yangu yuko kwenye banda la mashua," nikasema.

"Ndiyo hiyo hiyo. Mambo haya yako kwenye damu."

Tangu hapo mimi ni kocha. Unajua kwamba siwezi kuogelea. Mkuu naye anajua, lakini amesema kazi ya kocha iko ukingoni.

Nimechagua watano. Kuna Mrefu, ambaye akikaa mbele darasani, nyuma yake hakuna anayeona ubao. Kuna mapacha wawili wanaofanya kila kitu pamoja, hata kununa. Kuna mmoja tunayemwita Kimya, na sababu utaijua ukikutana naye. Wa tano, wa usukani, ni msichana mdogo wa umbo anayeitwa Kengele, kwa sababu akisema jambo bwenini, wapishi wanalisikia jikoni. Mazoezi tutayafanyia kwenye bwawa la maji ya mji. Mlinzi wa bwawa ametukubalia kwa sharti kwamba hakuna atakayeoga humo.

Nifundishe, dada. Niandikie kama unavyomwandikia mtu asiyejua kitu, maana ndivyo nilivyo.

Mdogo wako


3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imenikuta na mafua, nikacheka mpaka yakakimbia. Mpe wifi pole, na mwambie binti yangu asijali meno, mwenye sababu ya kuogopa picha ni mimi. Kwa kinyozi yule mdogo apelekwe na shemeji yako mmoja, mtoto haogopi mjomba.

Mama hajambo? Zamani alikuwa anaongeza mstari wake chini ya barua zako, kwa mwandiko wake unaopanda mlima. Ni barua ya tatu sasa sioni mlima. Mwambie nimeuliza.

Kuhusu hilo neno kocha, sijui lilianzia wapi. Mimi niliandika kwamba nimepata kazi kwenye banda la mashua. Huenda Mama alimwambia jirani, na jirani akanipandisha cheo. Tuliache hapo kwa sasa. Nitakwambia ninayoyaona, na nimeyaona kila siku kwa miaka tisa.

Kwanza kabisa, na hili bila shaka mnalijua, wapigaji wanakaa wakiangalia nyuma. Mgongo ndio unaotangulia. Anayeona wanakokwenda ni mmoja tu, yule wa usukani. Pili, nguvu inatoka miguuni. Ukiona mabega yanapanda kuelekea masikioni, wasimamishe. Tatu, usiwaangalie sana, wasikilize. Makasia manne yakiingia majini kwa mlio mmoja, mambo ni mazuri. Ukisikia kama watu wanaoshuka ngazi, rudieni. Nne, mtu asiruke ndani ya mashua kama anayepanda kitanda. Mguu mmoja katikati, akae, ndipo mwingine uingie.

Na huyo Kengele mtunze. Watu hudhani mshika usukani ni abiria. Mashua bila yeye ni ubao uliobeba watu wanne wanaorudi kinyumenyume.

Dada yako


9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilifika wiki mbili zilizopita, na niliisoma nimesimama posta, mlangoni, nikizuia watu. Mama hajambo. Anasema mkono unamuuma kidogo, ndiyo sababu haandiki. Wifi yako amerudishiwa zamu za asubuhi, kwa hiyo sasa analalamikia asubuhi.

Uliandika kwamba jambo la kwanza bila shaka tunalijua. Dada, hatukulijua. Kwa wiki tano wasichana wangu wamepiga makasia wakiangalia mbele, kama watu waliopanda basi. Nilidhani ugumu ule ndio mazoezi. Nilifika bwawani na barua mkononi, nikawaambia wageuke, na mashua ikaondoka ukingoni kwa mara ya kwanza bila mtu kuisukuma.

Mlinzi wa bwawa alikuwa kwenye kiti chake, ananywa chai.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Nilikuwa mwanamaji miaka kumi na minne."

"Mbona hukusema?"

"Kocha ni wewe, mwalimu."

Sasa ameanza kusema, taratibu, kama mtu anayelipwa kwa neno. Tunaingia majini asubuhi kabla ya vipindi. Mapacha wamejifunza kununa bila kuacha kupiga. Jumanne iliyopita, sijui kama nitaweza kukueleza, nilikuwa ukingoni na tope limefika kwenye soksi, nikafumba macho ili niwasikilize kama ulivyosema. Mwanzo walikuwa wanashuka ngazi. Walipokaribia mnara wa pampu nikasikia mlio mmoja. Halafu mwingine. Nilihesabu kumi na tatu, kisha pacha mmoja akapiga chafya. Miaka yote niliyofundisha sijawahi kusikia somo likiingia. Jiografia haina mlio.

Mkuu ameunda Kamati ya Safari. Mwenyekiti ni yeye mwenyewe, na mke wake ni Mlezi wa Timu. Kamati imekutana mara nne. Sisi tumeingia majini mara kumi na moja, kwa hiyo bado tunaongoza.

Mdogo wako


6 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Niko salama, ila nina uchovu wa kawaida wa magoti. Miti ya huku imechipua na kila mtu anatembea kama aliyefaulu mtihani. Wifi nimemtumia soksi za kuvaa wodini. Asizigawe kwa wauguzi wote.

Mkono unaomuuma Mama ni upi? Mambo yote umeyajibu kwa kirefu, hili umelijibu kwa nusu ya mstari.

Nimesoma habari ya ile milio kumi na mitatu mara nyingi kuliko inavyohitajika. Waambie wasichana wamenifurahisha. Sasa wafundishe kuanza. Mipigo mitatu ya kwanza iwe mifupi, kama mtu anayetoka matopeni, ndipo warefushe. Na upepo ukija ubavuni, Kengele asipigane nao. Auache umsukume kidogo, kisha arudi njiani.

Nimeomba ruhusa ya siku tatu mwezi wa Agosti, na nimeazima godoro kwa jirani. Mara ya mwisho nilipokuona ulikuwa na ndevu saba. Miaka kumi na moja, mdogo wangu. Nitakutembeza mto mzima, nikuoneshe kona zake.

Jambo moja tu. Msije bandani kabla ya siku ya mashindano. Wanakarabati paa, na pamejaa vumbi. Tutakutana gatini siku yenyewe, nikiwa nimevaa vizuri.

Dada yako


11 Juni

Dada,

Shikamoo. Mkono ni wa kulia, na unaendelea vizuri. Soksi zimegawiwa kwa wauguzi wote. Mvua zimekatika mapema na bwawa limeshuka, inabidi tubebe mashua hatua sitini juu ya matope kabla ya kupata maji.

Jana niliitwa mbele ya Kamati ya Safari. Walikuwa maktaba, kwa sababu ndiko kuliko na feni. Majina yalikuwa ubaoni tayari. Mkuu wa shule, kiongozi wa msafara. Mke wake, Mlezi. Afisa elimu, kwa sababu yeye ndiye aliyegonga muhuri kwenye barua yetu. Mwenyekiti wa bodi ya shule, kwa sababu ameingia afisa elimu. Halafu wanafunzi watano.

"Nafasi zimekwisha," nikasema.

"Hapo ndipo penye tatizo," akasema Mkuu. "Hatuna mtu wa itifaki." Akaweka kidole kwenye jina la mwisho. "Huyu wa tano anafanya nini?"

"Anashika usukani na kuwahesabia mipigo."

"Kwa hiyo kasia hapigi."

"Hapigi."

"Anakaa."

"Anakaa, lakini ndiye anayeona mbele."

"Mwalimu," akasema afisa elimu kwa upole, "hawa wengine wanne ni vipofu?"

Wakacheka, na kufuta ubao kukachukua muda mfupi kuliko kuandika. Mtu wa itifaki amepatikana papo hapo, ni mpwa wa mwenyekiti wa bodi. Basi msafara ni hao watu wazima watano na wasichana wangu wanne.

Kengele nilimwambia mimi mwenyewe, bwawani. Akauliza, "Nani atawaambia lini wapumue?" Asubuhi ile alishika usukani kama kawaida na hakukosea hata kona moja. Ila hakupaza sauti. Aliwasemesha kwa chini, na wote wanne walimsikia.

Kuna kifurushi chako kidogo cha kutoka kwa Mama. Nitampa Mrefu akuletee.

Mdogo wako


4 Julai

Mdogo wangu,

Wasalimie wote.

Orodha yako nimeihesabu mara mbili. Watu wazima watano, wasichana wanne, jumla tisa. Hukuandika neno hata moja juu ya nani mwingine hayumo. Habari kwamba wewe huji umeniachia niione kwenye kifurushi, atakachoniletea mtoto wa watu badala yako. Godoro nimelirudisha kwa jirani.

Sasa nikueleze mambo mawili.

La kwanza. Fungua barua ya mwaliko, ukurasa wa tatu. Mashua ya wapigaji wanne isiyo na mshika usukani hairuhusiwi kuondoka gatini. Mpelekee Mkuu ukurasa huo. Asipousoma, msomee kwa sauti.

La pili. Mimi si kocha. Sijawahi kuwa kocha. Nafagia banda, napiga deki, nafua taulo za wanachama, nasuuza mashua zikirudi na kuzikausha kwa kitambaa ili zisipate madoa. Paa halikarabatiwi. Sikutaka mnikute na ndoo. Jumatano asubuhi wazee wanne wastaafu huenda mtoni, mmoja wao daktari wa meno, na kwa sababu mimi ni mwepesi na mtu wao wa usukani alifariki, waliniomba niwashikie. Ni mwaka wa sita sasa. Siku hiyo tu, kwa saa moja, watu wanakwenda ninakowaambia. Halafu nashuka, nawasuuzia mashua.

Ndiyo sababu sijawahi kuja. Kila nilipotaka kukata tiketi niliona anayesubiriwa huko ni kocha, nami sikuwa na mahali pa kumpata.

Nimesema langu. Sasa sema lako. Mkono sitaki tena kuusikia. Niambie habari za Mama.

Dada yako


2 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Barua hii anaibeba Mrefu ndani ya daftari la hesabu, kwa hiyo kwa mara ya kwanza itafika kabla mambo hayajapita. Wifi na watoto wako salama, hao sitawaongezea kitu.

Mkuu nilimsomea ukurasa wa tatu, kwa sauti, ofisini kwake. Akasema sheria za watu waungwana zina nafasi ya mazungumzo, na kwamba ndiyo maana wanaye mtu wa itifaki. Nilipomwambia kwamba basi Kengele arudishwe, akasema suti zimeshashonwa. Kuhusu mimi, ni kweli siji. Waliona kazi ya kufundisha imekwisha, na anayefundisha hana la kufanya pale wengine wanaposhindana. Niliogopa kukuandikia kwa sababu nilijua ungelirudisha godoro.

Mama haoni, dada. Lilianza jicho moja mwaka juzi, akalificha. Likafuata la pili. Daktari wa macho alisema tumechelewa. Tangu Oktoba anaujua mchana kwa joto lake tu. Alinikataza nisikwambie. "Ataiacha kazi yake kubwa aje kunishika mkono," alisema. Kwa hiyo Mama alikuwa analinda kazi isiyokuwepo, nawe ulikuwa unamlinda Mama asijue kwamba haipo, na mimi nilikuwa katikati yenu, nabandika stempu.

Barua zako humsomea mimi baada ya chakula cha mchana. Kwenye hii ya Julai nilitaka kuiruka sehemu ile ya kazi yako. Nikageuza ukurasa kutafuta njia ya kupita.

"Soma," akasema. "Mimi si mwanafunzi wako."

Nikasoma yote. Akasema, "Rudia pale kwenye wazee wanne."

Nikarudia.

"Daktari naye yumo?"

"Yumo. Wa meno."

"Na anamsikiliza?"

"Ndivyo anavyoandika."

Alicheka mpaka wifi yako akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Jioni ile ile alimwambia jirani kwamba una madaktari wanne chini yako. Nimeshindwa kumzuia, nimekutaarifu tu.

Hajakasirika nawe. Amekasirika na mimi, kwa kusoma polepole.

Waangalie wasichana wangu.

Mdogo wako


27 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mikono ina malengelenge. Kifurushi nimepata. Msalimie Mama na mwambie shali inanitosha. Keti chini, nikusimulie, na usome polepole vile vile, akasirike.

Walifika Jumanne. Jumatano, baada ya wazee wangu kuondoka, nilikuwa sakafuni nasugua alama za viatu, mara zikaingia suti tano za bluu na nyuma yake wasichana wanne wenye sweta za mikono mifupi. Mkuu wako alikanyaga maji yangu, akaniuliza kwa lugha ya huku, polepole, kama anayemsemesha kiziwi, kocha watampata wapi.

Nikamjibu kwa lugha yetu. "Kocha wa klabu yuko kwake, anaumwa mgongo. Kama mnamtafuta dada wa mwalimu wa jiografia, ndiye mimi, na hapo uliposimama pana sabuni."

Akaiangalia ndoo. Akamwangalia afisa elimu. Mtu wa itifaki hakuwa na itifaki ya jambo hilo. Mrefu ndiye aliyekuja, akapiga goti kwenye maji pamoja nami, akasema, "Shikamoo shangazi, mwalimu ametupa barua yako." Nilikwenda kuisoma stoo, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Niliporudi sakafu ilikuwa imekwisha pigwa deki. Mapacha walikuwa wananing'iniza matambara.

Siku iliyofuata, nami nikifagia gatini, wakaenda kwa mwamuzi, mama mmoja mwembamba mwenye miwani shingoni. Akauliza mshika usukani yuko wapi. Mtu wa itifaki akatoa hotuba fupi juu ya urafiki wa shule hizi mbili. Mama yule akauliza tena mshika usukani yuko wapi. Basi Mkuu akamtoa mke wake. Mlezi alishushwa gatini na kofia yake, akaweka mguu mmoja ndani ya mashua na mwingine akaubakiza gatini, na umbali kati ya miguu hiyo ukaanza kuongezeka. Walimrudisha watu watatu. Aliomba asishauriwe tena kuhusu jambo lolote.

Mwamuzi akasema anayeshika usukani anaweza kuwa mtu mzima yeyote atakayeandikwa na kiongozi wa msafara, mradi anaujua mto. Ndipo Kimya, ambaye tangu afike sikuwa nimesikia hata kikohozi chake, akasema, "Shangazi anaujua mto."

Mkuu akachukua fomu. Akaandika jina langu vizuri, akafika kwenye cheo, kalamu ikasimama.

"Tuandike nini hapa?"

"Andika mfagiaji."

Akafikiri. Akaandika Kocha Mkuu. Alisema ni kwa heshima ya shule.

Ijumaa tulikuwa mashua sita. Wazee wangu wanne walisimama ukingoni na miavuli, na kila mmoja alikuwa na ushauri. Sikuwa na hofu ya mto. Hofu yangu ilikuwa kufungua mdomo, kwa sababu wale watoto walikuwa wamezoea sauti nyingine. Mlio wa kuanzia ukalia, na mipigo mitatu mifupi ikatoka bila mimi kusema. Mdogo wangu, sikuwa na la kuwafundisha. Kila nilipotaka kuwaambia wapumue, walikuwa wanapumua tayari. Nilibaki na kazi ya kuwapitisha njia nzuri, nami njia ya mto ule ninaijua kama korido ya banda. Kwenye kona ya daraja wenzetu walikwenda katikati, kwenye maji yanayorudi. Mimi nikawabana karibu na ukuta, karibu mno, nikamsikia daktari wa meno akiita jina la Mungu. Tuliingia kwenye kona wa sita, tukatoka wa nne. Wa tatu hatukumpata. Nilimwona mpigaji wake wa nyuma kwa karibu kiasi kwamba najua amevunjika kucha.

Tulipomaliza, Mrefu alikuwa ameinamia kasia lake, machozi yanamtoka, anacheka. Nilitamani kwa nguvu sana kwamba kile kiti kingekuwa na mwenyewe. Nimemwandikia Kengele barua yake peke yake, iko ndani ya hii. Usiifungue.

Msafara haukuona mbio. Kulikuwa na chakula cha mchana cha viongozi hemani. Mkuu alitukuta tumebeba mashua mabegani.

"Tumekuwa wa ngapi?"

"Wa nne."

"Kutoka mbele?"

"Kutoka mbele."

Akageuka, akampa mkono afisa elimu.

Dada yako


30 Septemba

Dada,

Shikamoo. Sote wazima. Binti yako ameota jino moja, limekaa upande. Mama nimemsomea ile ya Agosti mara tano, na mara ya tano jirani alikaribishwa rasmi.

Shule ilifanya sherehe ya kuupokea msafara. Wasichana walikaa nyuma kwa sababu viti vya mbele vilikuwa vya kamati. Mlezi alizungumza juu ya changamoto za majini. Mkuu amewasilisha ripoti ya kurasa ishirini na mbili. Mbio zimo ukurasa wa kumi na tisa, sentensi moja, baada ya hali ya hewa. Inasema nafasi ya nne ilipatikana chini ya Kocha Mkuu, mzaliwa wa hapa hapa. Mwakani wanataka kupeleka msafara wa kumi na wawili. Nimeuliza wapigaji watakuwa wangapi, nikaambiwa hilo litajadiliwa.

Kengele aliisoma barua yako bwawani, ametugeuzia mgongo. Hajamwambia mtu kilichoandikwa. Kesho yake alikuja na wasichana wanne wa kidato cha pili, akawakalisha kwenye mashua huku ikiwa bado juu ya nyasi, akawaambia wafumbe macho. Mlinzi wa bwawa ameanza kumwita kocha. Mimi ananiita mwalimu, na nimekubali.

Sasa jiandae. Kumeundwa Kamati ya Mapokezi ya Kocha Mkuu. Wamesikia kwamba huenda ukaja mwisho wa mwaka, na aliyewaambia ni jirani. Wanataka bendi ya shule, mabango na magari mawili. Niliwaambia kwa mdomo wangu kazi unayofanya. Mkuu akasema mambo hayo ni ya ndani ya familia.

Mama anasema uje. Nikamuuliza niongeze nini, akasema hapo panatosha.

Mdogo wako


2 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba, na salamu kwa jino la upande.

Nimepata likizo ya wiki nne. Wazee wangu walikaa kikao na kunipa ruhusa, kana kwamba wao ndio walioniajiri. Daktari wa meno ameandika barua kwa daktari mwenzake wa macho, bingwa, aliye katika mji wenu mkuu. Amesema tusitarajie, lakini tumpeleke Mama. Kwa hiyo hatutatarajia, na tutampeleka.

Mkuu wako ameniandikia kuuliza tarehe ya kufika, barua yenye mihuri miwili. Nimemjibu kwa heshima zote: tarehe kumi na nane Desemba, ndege ya saa nane mchana. Atashukuru. Mtu wa itifaki ataanza kupanga viti.

Ninafika tarehe kumi na tano, asubuhi. Njoo wewe peke yako, na kama kuna nafasi mlete Kengele. Mama mwambie, lakini umwambie jioni ya kumi na nne, mlango wa jirani ukiwa umeshafungwa.

Tarehe kumi na nane usiwazuie. Wanapenda safari. Barabara ya uwanja wa ndege inapita mbele ya nyumba yetu, na mimi nitakuwa kibarazani na Mama, miguu nimeinyoosha, namsimulia bendi inavyopita kwenda kunipokea.

Dada yako